Piroshki za Laban, na Jinsi Zilivyonizuia Jeddah

Mnakuja kwangu mmoja mmoja. Mnakaa kwenye kile kiti cha plastiki, mnamaliza chai yangu, halafu mnasema lile lile: "Dada Mwende, nifundishe ile mikate ya Kirusi. Ajenti amesema ukijua kupika kitu spesheli unapelekwa nyumba nzuri." Nimechoka kurudia, na sitaficha, nina hasira. Kwa hivyo naandika mara moja. Pitishianeni kwenye simu, mniache nimwogeshe mtoto wangu.

Mnaniita mstaafu mkicheka kwa sababu bado ni kijana. Chekeni tu. Nilifanya kazi ya ndani Riyadh, nikafanya Jeddah, nikamaliza, sirudi. Kama huyo si mstaafu, basi sijui mstaafu ni nani. Atakayeniuliza kama nitarudi nitamtoa nje na kikombe chake mkononi.

Sitawadanganya kwamba nilipigwa au nilinyimwa mshahara. Kuna waliopatwa na hayo, na wana ya kwao ya kusema. Mimi nililipwa, nililala kitandani, nilikula nikashiba. Nilichonyimwa ni kimoja: kurudi nyumbani wakati wangu ulipofika, kwa mtoto niliyemwacha anajifunza kutembea. Na kilichonizuia si polisi wala karatasi. Ni hizo piroshki mnazozitaka.

Tuanze na chenyewe. Piroshki ni mkate mdogo wa kujazwa, mnene katikati, umechongoka huku na huku, unaenea kiganjani. Ndani unatiwa kitu cha chumvi: kabeji na yai, viazi na vitunguu vya kukaanga, nyama ya kusaga, au wali na vitunguu majani. Unaweza kuukaanga au kuuoka. Si sambusa, kwa sababu unga wake una hamira na ni laini. Si mandazi pia, ingawa mimi nilidhani ni mandazi.

Aliyenifundisha ni Madam Alfiya, bosi wangu wa kwanza, kule Riyadh. Hakuwa Msaudia. Alikuwa Mtatari, Mwislamu wa Urusi, ameolewa na daktari wa meno wa Kisaudia aliyekwenda kusomea kwao. Mwanamke mnene, mcheshi, lakini jikoni hana utani. Kiarabu chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, basi tukaelewana vizuri sana.

Siku ya kwanza aliyoniachia unga peke yangu, nilifanya kama mama yangu anavyofanya. Nikatia sukari ya kutosha. Nikatwanga iliki. Nikakanda mpaka ukawa mgumu ule wa kusukumika, nikasukuma, nikatia kabeji, nikafunga, nikakaanga. Zikatoka nzuri, zinang'aa. Madam Alfiya akauma moja, akatafuna pole pole, akaigeuza akaitazama ndani.

"Mwende, hii ni nini?"

"Piroshki, madam."

"Hii ni keki. Umenipikia keki ya kabeji."

Akamwita mume wake aje aone. Daktari akala moja, akasema "mafi mushkila," hakuna shida, akachukua nyingine. Madam akamwambia, "Wewe ungekula hata kiatu kikitiwa iliki." Tukacheka wote watatu, na ile keki ya kabeji ikaisha. Lakini kuanzia siku hiyo alisimama nyuma yangu mpaka mikono yangu ikasahau mandazi.

Hilo ndilo litakalowashinda nyinyi pia, kwa hivyo sikilizeni. Mikono yetu imelelewa na chapati. Tukiona unga unashika vidole, tunakimbilia kunyunyiza unga mwingine mpaka unyooke. Unga wa piroshki unatakiwa ukushike. Ukikushika, uache. Paka mafuta kwenye viganja na kwenye meza, si unga. Usiusukume kwa mpini. Kata donge la ukubwa wa yai, libonyezebonyeze kwa vidole mpaka liwe duara, katikati nene kidogo, pembeni jembamba. Basi.

Halafu vya kujazia. Viwe vikavu, na viwe baridi. Baridi kabisa, si vuguvugu. Kabeji ikaange na kitunguu mpaka maji yake yote yaishe, itandaze kwenye sinia ipoe, ndipo uchanganye na yai la kuchemsha lililokatwakatwa. Madam Alfiya alitia na majani wanayoita shibit, yanafanana na majani ya karoti. Mkikosa, tieni dhania, hakuna atakayewashtaki. Mkitia kabeji ya moto, mvuke unalainisha unga kutoka ndani, mshono unaachia kwenye mafuta, kabeji inatoka kuogelea, mafuta yanakurukia. Alama ninayo hapa kwenye mkono, anayetaka kuiona aje.

Na mshono wenyewe. Bana kwa vidole viwili kama pembe ya sambusa, halafu laza piroshki mshono ukiwa chini. Iache ipumue hapo hapo mezani. Inapoingia kwenye mafuta, mshono chini tena, uive kwanza ujifunge. Moto wa wastani. Moto mkali unababua nje, ndani unga mbichi unanata kwenye meno.

Mimi nilizipenda. Sina haja ya kukataa. Shule nilimaliza fomu foo, gredi yangu haikunipeleka popote, na hapa palikuwa na kitu ambacho nikikifanya mtu anafumba macho akitafuna. Mnaelewa? Msichana anayefua na kupiga deki mwaka mzima haambiwi neno zuri na deki. Kwa hivyo nilizipika kwa bidii, nikazipamba kwa kusuka mshono, nikabuni za dengu. Kila mgeni wa Madam Alfiya akazijua.

Kisha daktari akapata kazi nchi nyingine, wakahama. Wakanihamishia kwa dada yake daktari, Madam Huda, Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, nyumba ya marumaru mpaka ngazi za nje. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ikaandikwa jina la mume wake, ndiye akawa kafili, mdhamini wangu. Makubaliano yalisemwa mbele yangu sebuleni: nimalize muda uliobaki wa mkataba, ambao ulikuwa unaisha na Ramadhani, kisha nikatiwe tiketi niende nyumbani. Madam Alfiya akanikumbatia, akamwambia wifi yake, "Chukua dhahabu hii. Anajua piroshki zangu zote."

Alidhani ananisifu. Alikuwa ananifunga kamba.

Jeddah piroshki zilinikatalia kwanza. Hili hamtaambiwa na ajenti. Riyadh hewa ni kavu, unga ukiuacha wazi unafanya ngozi juu kama uji uliopoa, lazima uufunike kwa kitambaa kibichi. Jeddah ni pwani, hewa imejaa maji, unga huo huo na vipimo hivyo hivyo unakuwa uji mtupu. Hamira nayo inaumuka haraka hata hujamaliza kukatakata kitunguu. Piroshki zangu za kwanza Al-Rawdah zilitoka bapa kama kandambili. Madam Huda akazitazama, akanitazama.

"Mindi," aliniita hivyo, Mwende lilimshinda, "hizi ndizo alizozisifu wifi yangu?"

Laiti ningejua, ningeziacha hivyo hivyo. Lakini nilikuwa na kiburi. Nikapunguza maji, nikaupeleka unga kwenye friji uumukie huko pole pole, na baada ya muda mfupi zikarudi kuwa piroshki. Madam akala. Akafumba macho. Nikafurahi, mjinga mimi.

Ramadhani ikaingia, na hapa ndipo mnatakiwa kusoma mara mbili. Kuna desturi katika nyumba zile. Wakati wa kufunga, kila nyumba inapika kama ina harusi, na dada mmoja akizidiwa anaazima mfanyakazi wa dada mwingine. Hakuna ubaya anaouona mtu. Unaambiwa tu, "Mindi, yalla, vaa abaya, leo unakwenda kwa dada yangu." Unaazimwa kama sufuria kubwa. Sufuria isiyojua kupika inaazimwa siku moja, inarudishwa. Mimi niliazimwa mwezi mzima. Nilifunga nao, Mkristo mimi, kwa sababu nani atapata nafasi ya kula? Mchana nazijaza piroshki kwa dada mkubwa, alasiri kwa dada mdogo, jua likizama niko kwa Madam Huda namimina supu.

Ramadhani ikaisha. Mkataba ukaisha. Nikamwendea madam.

"Madam, sasa naenda nyumbani."

"Inshallah, Mindi. Baada ya Idi."

Baada ya Idi ikawa baada ya Hajj. Baada ya Hajj ikawa watoto wakirudi shule. Watoto wakarudi shule, ikawa binti wa dada mkubwa anaolewa. Hakunifokea hata siku moja. Alisema inshallah kwa tabasamu, akanipa na gauni jipya, na mimi nikabaki. Bila karatasi ya kafili hutoki nchini, na kukimbia sikutaka, nimewaona waliokimbia wanaishi vipi.

Nyumbani mtoto anakua. Mutua nilikuwa namwona kwenye simu. Siku moja akaisogelea mpaka nikaona pua tu, akaniuliza, "Nyanya anasema wewe ni mama yangu. Wewe huwa unakaa ndani ya simu?" Mama yangu akamnyang'anya simu kwa aibu. Akaniambia, "Mwende, huyu anaanza shule Januari. Nani atampeleka akivuka ile barabara ya malori? Mimi na magoti haya?" Nikamwambia nitakuja. Alikuwa amechoka kuambiwa nitakuja.

Basi nilichokuwa nataka kilikuwa wazi, na muda wake ulikuwa wazi: Januari shule zikifunguliwa, mkono wa Mutua uwe ndani ya mkono wangu. Si mwezi unaofuata. Mtoto haanzi shule mara mbili.

Dereva wa nyumba alikuwa Barasa, mtu wa Bungoma. Zamani alibeba mizigo kwenye maghala ya Al-Sulay kule Riyadh, mgongo ukamshinda, akajifunza gari. Tulikuwa tunakula pamoja mlango wa nyuma, zile piroshki zilizopasuka. Nikamweleza. Akala kwanza, yeye huwa hajibu akiwa na njaa.

"Mama Mutua, wewe unadhani wanakuzuia wewe?"

"Sasa wanamzuia nani?"

"Wanazuia hii." Akainua nusu ya piroshki. "Wewe ungekuwa unajua kufagia tu, ungekuwa umefika kwenu zamani."

"Basi nizipike vibaya."

"Jaribu. Watasema Mindi mgonjwa, watakuzuia mpaka upone."

Nikanuna. Alikuwa amesema kweli na sikutaka kuisikia ikitoka kwenye mdomo uliojaa kabeji yangu. Akajifuta mikono, akasema, "Mpe mtu mwingine hiyo mikono. Kisha uone kama mtu atakumbuka jina lako."

Mtu gani? Nyumba ilikuwa na mimi, madam, mume wake na wavulana wao waliokula na simu. Nikamfikiria madam. Nikacheka peke yangu. Madam Huda alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, mwanamke mwenye akili, lakini jikoni aliingia kuniambia wageni ni wangapi, akatoka. Kucha zake zilikuwa ndefu na zimechorwa maua.

Hata hivyo nikamwambia. Ilikuwa wanakula chakula cha jioni, baba mwenye nyumba, mume wake, yupo. Nikaweka sinia mezani, nikasimama.

"Madam, mtoto wangu anaanza shule Januari. Nataka kwenda. Mkataba uliisha tangu Ramadhani."

"Na piroshki atapika nani?" akauliza.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani atazima taa. Pale pale nikasikia hasira imenipanda mpaka masikioni, na ndiyo hii mnayoisoma. Mtoto wangu upande mmoja, kabeji upande mwingine, na mwanamke mwenye watoto wake anapima.

Nikajibu, "Wewe, madam. Nitakufundisha."

Kabla hajasema neno, baba akacheka. Baba alikuwa mtu wa kimya, sijawahi kumsikia akicheka vile. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Huda? Huda apike? Wallah, siku Huda atakapozipika piroshki peke yake mbele ya dada zake, Mindi hajagusa, siku hiyo hiyo namkatia Mindi tiketi."

Madam hakucheka. Alimtazama mume wake kwa muda, kisha akanitazama mimi, na nikaona uso wake umebadilika. Baba alinisaidia bila kujua. Ningemwomba madam mwaka mzima asingekubali, lakini kuchekwa na mume mbele ya mfanyakazi, hilo hakulikubali.

"Umesema wallah," akamwambia.

"Nimesema wallah," baba akajibu, bado anajifuta machozi.

Kwa wale wasiojua: mtu akisema wallah ameapa kwa Mungu. Wengine wanaisema kama kikohozi. Baba yule hakuwa hivyo.

Sasa nisomeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mnapopata mlichokuja kukitafuta. Unga wa kawaida wa Madam Alfiya una maziwa, siagi, mayai, kukanda mpaka mabega yaume, na kuumua mara mbili. Huo singeweza kumfundisha mtu wa kucha. Lakini alikuwa na mwingine, alioupika siku asizojisikia kazi, akauita unga wa mvivu. Huo nikauchukua.

Kikombe kimoja cha laban. Hapa kwetu tieni maziwa mala, ni kitu kile kile, mradi isiwe na sukari. Ipashe moto kidogo tu, iwe kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, ikizidi inakatika. Tia nusu kikombe cha mafuta ya kupikia, kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kikubwa cha sukari, na ndiyo, sukari hiyo ni ya hamira, si yako, acha kuongeza. Unga wa ngano vikombe vitatu, umechanganywa na hamira kijiko kidogo kilichojaa. Changanya kwa mwiko, kisha kwa mkono, mpaka ushikane tu. Usikande. Funika, ukatengeneze vya kujazia. Ukirudi umeshaumuka. Mafuta yaliyo ndani yanaufanya usishike sana, na ile chachu ya laban inaulainisha bila wewe kutoa jasho. Mtoto wa shule anaweza. Madam Huda je?

Siku ya kwanza aliutumbukizia mkono na pete zote.

"Inanishika! Mindi, inanishika!"

"Iache ikushike, madam."

"Nitie unga?"

"Mafuta, madam. Si unga."

Akatia unga. Nikatazama pembeni. Zikatoka ngumu, baba akazila akisema alhamdulillahi kila anapouma, na madam akazidi kukasirika. Siku nyingine alitia nyama ikiwa ya moto kwa sababu ana haraka ya kwenda sokoni, ikapasuka. Siku nyingine akasahau hamira. Sikumcheka. Nilikuwa namfundisha kama mtu anayesokota kamba ya kujiokolea, sikuwa na nafasi ya kucheka. Nilimshika vidole nikambonyezesha mshono, bana, sogea, bana, sogea. Mikono yake ilikuwa baridi. Akaniuliza, bila kuinua macho, "Mtoto wako anaitwa nani?" Nilikuwa nimekaa kwake muda wote huo, na ndiyo mara ya kwanza anauliza.

"Mutua, madam."

"Mutua," akasema. Hilo halikumshinda.

Halafu asubuhi moja akaingia jikoni amekata kucha. Fupi kabisa, kama za muuguzi. Hakusema kitu, akavua pete akaziweka kwenye bakuli, akaomba laban. Nilishika ukingo wa meza. Hapo ndipo nilipoanza kuamini.

Dada zake walikuja Alhamisi, kama kawaida yao, lakini safari hii walikuja kuona kioja. Wawili. Mdogo alikuwa mpole, anacheka na kila mtu. Mkubwa ndiye aliyeniazima zaidi, na alikuwa ameshasema waziwazi kwamba Ramadhani inayokuja ananihitaji tena. Wakaingia mpaka jikoni na vikombe vyao vya kahawa. Dada mkubwa akavuta kiti akakiweka karibu na mlango.

"Mindi, kaa hapa. Mikono juu ya magoti. Tunakuona."

Nikakaa.

"Huda, tuagize kuku mapema au tusubiri tuwe na njaa kwanza?" dada mdogo akauliza.

"Subirini, nyinyi mna midomo tu," madam akasema. Alikuwa anatokwa na jasho na kiyoyozi kinafanya kazi.

Unga wake ulikuwa mzuri. Niliuona kwa mbali, umeumuka, unang'aa. Kabeji alikuwa ameipika asubuhi, imepoa. Akapaka mafuta viganjani, akakata, akabonyeza, akajaza, akabana. Nikawa nabana vidole vyangu mwenyewe juu ya goti kila anapobana. Akaweka karai kwenye jiko, akawasha moto mkubwa, kwa haraka, kwa sababu macho yote yalikuwa kwake. Nikaona mafuta yanaanza kutoa moshi kidogo pembeni. Akatumbukiza ya kwanza, mshono juu.

Nilijua kabla haijafunguka. Ikafunguka. Kabeji ikatoka, mafuta yakaruka, dada mdogo akapiga kelele akarudi nyuma, kahawa ikamwagika kwenye marumaru.

"Maskini Huda," dada mkubwa akasema. Kisha akanigeukia kwa sauti tamu kabisa. "Mindi, msaidie madam wako. Inuka tu upunguze moto. Moto tu, hatutahesabu."

Wasichana, mimi nimefundishwa kuinuka. Kazi nzima ni kuinuka. Mtoto akilia unainuka, kengele ikilia unainuka, kitu kikiungua unainuka kabla hujafikiri. Magoti yangu yalishaanza. Na nilijua nikiugusa ule moto, dada mkubwa ndiye atakayekuwa wa kwanza kuhesabu, na Januari Mutua atavuka barabara na mtu mwingine. Madam Huda naye akanitazama. Alitaka nimwambie. Nilifunga mdomo, nikatazama vigae vya sakafu, nikashika magoti yangu yasinyanyuke.

Mafuta tu yanapasuka.

Kisha nikasikia kidude cha jiko kikizungushwa, tik, tik. Nikainua macho. Madam alikuwa amepunguza moto. Akachukua kijiko cha matundu, akaitoa ile iliyopasuka na kabeji yake yote iliyotawanyika, akasubiri. Akasubiri kweli, mikono kiunoni, hajali wanaomtazama. Akachukua ya pili, akaukagua mshono, akaubana tena mahali palipokuwa na shaka, akaigeuza. Mshono chini.

Ikakaa. Ikajaa. Ikawa rangi ya mkate. Akaitia ya tatu na ya nne.

Dada mkubwa alipewa ya kwanza. Akaipasua katikati, akainusa, akala. Tukamngoja.

"Chumvi kidogo," akasema, akachukua nyingine.

Dada mdogo akapiga vigelegele. Madam Huda akajifuta uso kwa mkono wa unga, ukabaki unga kwenye paji lote, akachukua simu akampigia baba kazini, akaiweka kwa sauti tusikie.

"Nimezipika. Peke yangu. Dada zangu wanakula."

Baba akauliza, "Mindi hajagusa?"

"Mindi amekaa kwenye kiti kama mfungwa. Muulize dada."

Dada mkubwa alikuwa anatafuna. Angeweza kusema lolote. Akatafuna mpaka akameza, akasema, "Hajagusa."

"Basi mkatie Mindi tiketi," madam akasema. "Mtoto wake Mutua anaanza shule."

"Sawa," baba akasema. "Nimeapa. Halas."

"Na Ramadhani nitaazima nani?" dada mkubwa akauliza, na sasa hakuwa anatania hata kidogo.

Madam Huda alishaanza kubana nyingine. "Niazime mimi," akasema, na dada mdogo akacheka mpaka akaegemea friji.

Mimi nikainuka kwenye kile kiti. Hakuna aliyeniambia niinuke. Nikangoja madam atoe piroshki ya mwisho, nikazima jiko, nikamwaga mafuta kwenye kopo lake, nikalichukua karai nikalipeleka kwenye sinki. Lilikuwa bado la moto. Nikaliosha hivyo hivyo.